Jina Lake Liandikwe Mapema: Mwaka wa Kwanza wa Ndoa Idodi

Barabara ya kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita Kalenga, yalikokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, huiacha njia ya Mlambalasi alikojiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kisha huteremka. Aliyetoka mjini na sweta huwa ameshalivua kabla hajafika Idodi. Huku bondeni joto ni kali, mibuyu imesimama kando ya mashamba, maji ya mifereji ndiyo yanayoamua nani atakula wali mwakani, na tembo hawajui mpaka wa shamba la mtu. Ndiko wanakopelekwa mabibi harusi kutoka Kilolo, Mufindi, Njombe, Mbarali, Dodoma na kwingineko, hasa msimu wa mavuno unapopita na fedha za harusi zikapatikana. Sendofu imekwisha, vyombo vya kicheni pati vimefungwa kwenye mabeseni, mshenga ameshukuriwa na kurudi kwake. Maisha yanayofuata hayana kamati wala bajeti.

Ushauri anaopewa bibi harusi usiku wa sendofu hukaa zaidi chumbani na jikoni: avumilie, amheshimu mama mkwe, asitoe siri za nyumba. Si ushauri mbaya, lakini haumwambii Jumatatu asubuhi abishe hodi kwa nani. Mwanamke anayehamia kijiji kama Idodi anatakiwa kufanya ndani ya miezi michache ya kwanza jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya miaka kumi: ajulikane kijijini kwa jina lake mwenyewe, katika daftari la kitongoji, kwenye cheti cha ndoa, kliniki, katika kikundi cha hisa na kwenye hati ya shamba. Kuitwa mke wa fulani kunatosha kwa salamu za njiani. Hakutoshi siku mume atakapouza majaruba, atakapougua au atakapofariki.

Jambo la kumtia moyo ni kwamba hayuko peke yake katika ugeni. Idodi ni nchi ya Wahehe, lakini ndani yake wapo Wabena, Wakinga, Wasangu, Wagogo, Wasukuma, Wamasai na Wabarabaigi, na wengi wao wanakumbuka vizuri walikotoka. Vijiji vingi vya Iringa vilikusanywa upya wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Wengine wakaja baadaye kufuata mpunga, malisho na kazi za utalii kando ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa hiyo mwanamke anayeanza maisha hapa anaingia katika jamii iliyozoea kupokea watu, ilimradi wajitambulishe.

Kujitambulisha huanza na salamu. Shikamoo haina mbadala kwa mkubwa yeyote, hata yule anayepita na mbuzi wake bila kugeuka. Kwa wazee wa Kihehe na Kibena, neno kamwene likitamkwa na mgeni hufungua uso mara moja. Majirani wafugaji nao wana salamu zao, na hakuna anayemcheka mgeni anayeuliza. Watani wa mume, na hasa mashemeji na mawifi, watamjaribu kwa maneno makali ya mzaha wiki za kwanza, na pengine watamdai soda au kuku. Utani huo ni namna ya kumpokea; anayeujibu kwa utani hupata ndugu, anayenuna huchelewa kuzoeleka. Msibani ndiko mtu hupimwa zaidi. Mwanamke mgeni akisikia kuna msiba kitongojini, afunge kanga, achukue ndoo au sahani ya unga, akakae na wenzake jikoni. Siku mbili za kuosha sufuria msibani humtambulisha kuliko kupita nyumba kwa nyumba mwezi mzima.

Baada ya salamu, ofisi. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye mlango wa kwanza, kisha mtendaji wa kijiji. Inafaa bibi harusi atoke kwao na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji alichokulia, kwa sababu ndiyo itakayotumika kumwingiza kwenye daftari la wakazi, na uthibitisho wa ukazi huulizwa pale anapotaka barua ya benki, mkopo wa halmashauri au msaada wa aina yoyote. Mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Siyo wa kila kaya kumtuma mmoja. Hapo ndipo husomwa mapato na matumizi, hupangwa maeneo ya malisho na ya kilimo, na hukubaliwa au kukataliwa wanaoomba ardhi. Mwanamke mgeni anaweza kukaa nyuma na kunyamaza mikutano miwili mitatu akijifunza nani ni nani. Asikose kuhudhuria.

Cheti cha ndoa nacho hupuuzwa kwa urahisi mno. Ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya serikali na ya kimila zote zinatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ila wanaofunga ndoa ya kimila wanatakiwa kuiandikisha ndani ya siku 30, na wengi hawafanyi hivyo. Mahari imelipwa, ng'ombe wamehesabiwa, wazee wameshuhudia. Nani anahitaji karatasi? Anaihitaji mjane anayebishana na shemeji zake juu ya shamba. Sheria hiyohiyo inasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, na kuithibitisha kunahitaji mashahidi, nauli na muda. Cheti ni rahisi zaidi. Nakala yake moja ikae kwa wazazi wa mwanamke.

Hapa kuna neno kwa wazazi pia. Bibi harusi anayezungumzwa katika makala haya ni mtu mzima. Katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinakwenda kinyume na Katiba. Na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Binti wa kidato cha pili hana sababu ya kushushwa na vyombo katika kijiji chochote.

Yapo mambo machache ya sheria ambayo kila mke na kila mume wangejua siku ya kwanza, ugomvi mwingi usingetokea. Ndoa haibadilishi umiliki wa kitu ambacho mtu alikuwa nacho kabla: cherehani, mbuzi au kabati alilokuja nalo mwanamke ni lake. Nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzake. Hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Sheria inatamka hivyo waziwazi tangu 1971. Na kazi ya nyumbani ina thamani. Hilo la mwisho lilithibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, pale Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliposema kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata nyongeza aliyoiomba, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitumia vibaya. Lakini wanawake wengi waliokwenda mahakamani baada yake wamesimama juu ya hukumu hiyo.

Sasa shamba, maana ndilo Idodi yenyewe.

Bibi harusi aliyekulia Usangu, upande wa Mbarali mkoani Mbeya, atajiona yuko nyumbani: kitalu, kuchabanga, kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege. Aliyetoka kwenye mahindi na viazi vya Mufindi atashangaa kwamba hapa mtu anaweza kuwa na ardhi na bado asiwe na chochote, kwa sababu hana maji. Mvua za Idodi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na hazitoshi kila mwaka. Mpunga hutegemea mito midogo inayoteremka milimani na mifereji inayochepushwa kwenye mabanio. Kila mfereji una zamu, kila zamu ina siku na saa, na zamu zikivurugika watu hulala shambani na majembe mikononi. Chini zaidi, Ruaha Mkuu wenyewe, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kila kiangazi kuanzia mwaka 1993. Ndiyo maana kila tone linalochepushwa juu lina mtu anayelihesabu chini.

Kwa mwanamke mgeni, ushauri wa kwanza ni kuijua zamu ya maji ya shamba la mume wake kabla hajalijua shamba lenyewe. Aulize ni mfereji gani, msimamizi wake ni nani, kuna ada kiasi gani, na siku za kusafisha mfereji ni lini. Usafishaji huo ni kazi ya pamoja. Asiyefika hutozwa faini au hunyimwa zamu. Katika kaya nyingi mume ndiye anayeandikwa kwenye chama cha watumia maji na mke ndiye anayekesha shambani. Basi waandikwe wote wawili. Mume akisafiri kwenda Iringa kutafuta pembejeo, maji hayatamsubiri arudi.

Ushauri wa pili unahusu jaruba lake mwenyewe. Ukweli wa vijijini ni kwamba fedha za mpunga wa shamba kubwa hupitia mkononi mwa mume, na wakati mwingine baba mkwe. Wanawake wengi wenye busara huomba tangu mwaka wa kwanza wapewe robo ekari au jaruba moja walime wenyewe, au hukodi, au hulima bustani ya nyanya na vitunguu kiangazi penye unyevu. Ombi hili litolewe mapema na kwa upole, mbele ya wakwe, kabla ya kitalu cha Desemba. Likitolewa Machi, mpunga ukiwa umeshapandikizwa, huonekana kama madai.

Ushauri wa tatu ni juu ya kuuza. Mpunga huvunwa kuanzia Mei hadi Julai, na wakati huo bei huwa chini kwa kuwa kila mtu anauza. Kuanzia Desemba hupanda. Wapo wafanyabiashara wanaokopesha fedha mwezi Februari na kuchukua mpunga ungali shambani, kwa bei ambayo mkulima huijutia ghala linapokuwa tupu. Wanandoa wapya, waliomaliza akiba yao kwenye harusi, ndio wanaonaswa kirahisi. Harusi kubwa iliyolipiwa kwa mpunga wa mwaka ujao ni mzigo mkubwa kwa watu wawili wanaoanza maisha, na ni heri kamati ipunguze keki kuliko kijana aingie Idodi akidaiwa magunia ishirini. Wakati wa kuuza, mwanamke awepo kwenye mizani. Gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, humwibia mkulima madebe ambayo hakuna mtu atakayeyarudisha.

Kisha hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu, na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba lazima liwe na wanawake wasiopungua watatu. Wilaya ya Iringa ina mfano mzuri wa namna sheria inavyoweza kutoka kwenye karatasi. Kuanzia mwaka 2014 katika kijiji cha Ilalasimba, vijana wa kijiji walifundishwa kupima mipaka ya mashamba kwa simu za mkononi, wakitembea na mwenye shamba na majirani zake, na kazi hiyo ikaenea katika vijiji vingine vya wilaya. Wakati wa kupima, familia iliulizwa: hati iandikwe jina la nani? Mashamba mengi yaliandikwa majina mawili, la mume na la mke, na wanawake wengi, wakiwamo wajane, wakapata hati za hakimiliki ya kimila kwa majina yao.

Somo la pale ni kwamba swali hilo huulizwa siku moja tu, na majibu hukaa miaka. Wapimaji wanapofika kitongojini, mke mpya asiwe amekwenda kuteka maji. Awepo, na wawe wameshakubaliana na mumewe jana yake. Ikiwa shamba ni la ukoo, baba mkwe bado yuko hai na ndugu ni wengi, asilazimishe. Aombe tu kipande ambacho yeye na mumewe wamefyeka au kununua baada ya ndoa kiandikwe majina yao wawili. Hilo wazee wengi hulielewa bila vita.

Idodi ina jirani mwingine ambaye bibi harusi wa Njombe hajawahi kuwa naye. Vijiji 21 vya tarafa za Idodi na Pawaga, kikiwamo Tungamalenga, vinasimamia kwa pamoja eneo la hifadhi ya jamii ya wanyamapori linalojulikana kama MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, lililotambuliwa kisheria mwaka 2007. Mapato ya utalii na uwindaji wa eneo hilo hugawiwa vijijini, na mgawo huo ni mada ya mkutano wa kijiji, sababu nyingine ya kutokosa. Mradi wa wanyama wala nyama wa Ruaha, ulioanzishwa mwaka 2009 na mtafiti Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford, umekuwa ukivipa vijiji kamera za kutega porini: kila picha ya mnyama ina pointi, simba na mbwa mwitu wakiwa na pointi nyingi, na pointi hugeuka kuwa huduma za afya, shule na dawa za mifugo. Mwanamke anayejua hayo hamwoni simba kama adui mtupu.

Tembo ni jambo zito zaidi. Hupenda mahindi yaliyokomaa, na huja usiku. Kutoka nje gizani kwenda kwa jirani, kwenda shamba alfajiri peke yake, kuwafukuza kwa mawe au mbwa, hayo yote yameua watu. Kilele cha ushujaa ni kubaki ndani na kuwapigia simu askari wa wanyamapori wa kijiji. Namba zao ziandikwe ukutani wiki ya kwanza. Kamba zilizofungwa vitambaa vilivyolowekwa pilipili na oili chafu, na uzio wa mizinga ya nyuki, husaidia kuwazuia, na mizinga huleta asali ya kuuza. Shamba likiharibiwa, taarifa itolewe siku ileile kwa mtendaji ili tathmini ifanyike; kifuta jasho cha serikali kina masharti, na anayechelewa kuripoti hujinyima mwenyewe.

Na kuna suala la nyama. Bibi harusi ataletewa siku moja kipande cha nyama kavu kimefungwa kwenye gazeti, na aliyeleta atasema ni zawadi. Asipokee. Nyamapori halali huuzwa kwenye mabucha yenye leseni, kwa risiti. Kukutwa na nyara ya serikali, hata iwe mchuzi kwenye sufuria, ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mahakama zetu zimetoa mara nyingi kifungo cha miaka 20. Aliyeipika ndiye anayekutwa nayo.

Afya ya mwaka wa kwanza ina maeneo mawili ambayo hayasubiri. La kwanza ni malaria. Aliyekulia kwenye baridi ya Mufindi au Makete hakuwa na mbu wengi, na mwili wake haujazoea ugonjwa huo; akishika mimba ya kwanza bondeni, hatari ni kubwa kwake na kwa mtoto. Chandarua kitumike tangu usiku wa kwanza, hata kiangazi, maana mifereji hufuga mbu. Kliniki ianzwe kabla ya wiki ya 12 ya ujauzito. Huko hupewa chandarua, na baada ya miezi mitatu ya kwanza humeza dozi za SP za kuzuia malaria mbele ya muuguzi. Homa yoyote ipimwe. La pili ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha Iringa ina asilimia 11.1 ya watu wazima wanaoishi na virusi, ikitanguliwa na Njombe tu yenye 12.7, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Wapenzi wapime pamoja kabla ya posa kupelekwa, na warudie pamoja kliniki. Dawa ni bure, na mama anayezitumia vizuri huzaa na kunyonyesha mtoto asiye na maambukizi. Kinachoharibu nyumba ni mmoja kumeza dawa kwa kujificha.

Bima nayo ifikiriwe kabla ya ujauzito. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kwa kuwa serikali inahamia kwenye bima ya afya kwa wote kwa sheria ya mwaka 2023, waulize zahanati utaratibu wa sasa. Dharura za uzazi huweza kupandishwa hadi hospitali ya Tosamaganga, na safari hiyo usiku ni ghali. Fedha ya nauli iwekwe kando tangu mwezi wa sita wa mimba, mahali ambapo mke na mume wote wanapajua.

Kuhusu mwanga wa usiku, Idodi ina jeraha lake. Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi na wanafunzi 12 wakafariki. Chanzo kilichotajwa kilikuwa mshumaa. Zawadi bora ya kicheni pati kwa anayehamia kijijini ni taa ya sola, na iwe juu ya orodha, mbele ya seti ya tatu ya glasi.

Fedha ndogondogo hukutana kwenye kikundi. Vikoba vya hisa vina katiba, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na mfuko wa jamii wa kuzikana na kuuguzana. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa. Mwanamke mgeni asikimbilie kununua hisa nyingi. Ahudhurie mizunguko kadhaa, aangalie wanaokopa wanarejesha vipi, asome katiba, ndipo aingie kwa hisa chache anazozimudu hata miezi ya njaa, Januari na Februari. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake na 4 ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024 baada ya utaratibu kurekebishwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuulizwa.

Ukwe una mambo yake, na hakuna sheria itakayopanga nani achochee moto. Penye jiko moja, mama mkwe ndiye mwenye jiko. Mkwe ajifunze chumvi ya nyumba ile kwanza, ndipo alete yake. Anayetaka jiko lake aombe kupitia mumewe, na mume amwambie mama yake kwa mdomo wake mwenyewe, asimtume mkewe. Ghala ndilo linalogombanisha zaidi kuliko chakula: nani anatoa mpunga, na nani anahesabu madebe. Wakubaliane wazi baada ya mavuno ya kwanza. Ugomvi ukizidi, mshenga hakuchaguliwa kwa siku ya posa tu. Yeye ni mlango wa kurudia, anajulikana pande zote mbili na hana cha kugombea. Akishindwa yeye na wazee, lipo Baraza la Usuluhishi wa Ndoa ngazi ya kata. Kipigo hakipelekwi kwa mshenga. Kinapelekwa polisi na zahanati, siku ileile.

Mume naye ana kazi katika haya yote, na wengi huiacha wakidhani kuoa kumewatosha. Yeye ndiye wa kumpeleka mkewe kwa mwenyekiti wa kitongoji, kumwonyesha mipaka ya shamba na zamu ya maji, kumwambia ukweli wa madeni ya harusi, na kusimama mkutanoni kumtaja kwa jina lake la kuzaliwa mbele ya wenzake. Na kabla ya likizo ya Desemba amtafutie nauli ya kwenda kwao kusalimia, apande na gunia la mchele. Kitalu kikishasiwa, hakuna ruhusa tena mpaka Machi.